Koti la Sukari: Mwaka Wangu wa Ntoto

Docta Anselme amekufa. Mjane wake alinipigia simu kutoka Kisangani Jumatatu asubuhi, nikiwa darasani na wanafunzi wangu wa labo, yaani maabara, hapa Goma. Kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia akaniambia kwamba figo zilimshinda mzee, kwamba alifia kitandani kwake, na kwamba siku za mwisho alikuwa akitaja jina la kijiji ambacho yeye mjane hakuwahi kukiona. "Ntoto iko wapi, Aline?" aliniuliza. Nikamwambia iko upande wa Walikale, nyuma ya milima ya Masisi, pale milima inapochoka na msitu unaanza.  Niliporudi darasani, mwanafunzi mmoja, msichana wa Sake, alikuwa ameinamia mikroskopi akitazama kioo nilichowaandalia. "Madame," akauliza bila kuinua kichwa, "hiki kiduara cheupe kinazunguka hawa wadudu, iko uchafu ao iko kitu?" Nikamwambia ni koti. Sikuendelea kueleza kama ninavyofanya kila mwaka. Nikawaambia wafunike vioo, somo limekwisha kwa leo.

Ya kwetu Lushebere, huko Masisi, ya wazazi wangu na jinsi nilivyosoma, nayaacha. Mwaka ninaotaka kuusimulia ni mmoja tu. Nilikuwa msichana mwenye diploma mpya ya labo, na kituo cha afya cha Ntoto kilikuwa kimepata daktari na mikroskopi lakini hakikuwa na mtu wa kuitumia. Nilikwenda kwa pikipiki hadi njia ilipokufa, kisha kwa miguu, nikishuka na kupanda na kuvuka mito kwenye magogo, na nilipofika nilipewa chumba kwa Mama Kubuya. Kilikuwa chumba cha udongo chenye kitanda cha mianzi, kimegawana ukuta mmoja na jiko, na ukuta wenyewe haukufika juu. Moshi uliingia, harufu ya mawese iliingia, na maneno yote yaliyosemwa motoni yaliingia pia. Nadhani nilivyowajua watu wa nyumba ile ni kwa sababu ya ukuta ule mfupi. Nilisikia Mama Kubuya akimwuliza mumewe kama mgeni anakula vizuri, nikasikia mumewe akisema, kwa Kiswahili chao ambamo watu ni bantu na watoto ni batoto, "Muache. Bantu ya Masisi banajua tu viazi na maziwa. Atazoea." Na kweli nilizoea. Nilizoea sombe, yale majani ya muhogo, iliyotwangwa ikapikwa na mawese mpaka ikawa nyeusi, nikazoea ndizi za kuchoma na nyama ya porini iliyokaushwa kwa moshi, ambayo ukiitafuna unasikia msitu mzima mdomoni. Papa Kubuya alikuwa mkulima na mtegaji. Kila aliporudi na mnyama, kipande cha kwanza alikiweka kwenye kibanda kidogo nyuma ya nyumba, cha wazee wa ukoo wake waliotangulia, kisha akanawa mikono, akaingia ndani na kutuongoza katika Baba Yetu. Hakuona ugumu wowote kati ya mambo hayo mawili, na baada ya muda hata mimi sikuuona. Watoto wao wakubwa walikuwa wameoa na kuolewa. Nyumbani alibaki Riziki, binti waliyempata uzeeni, ambaye alikuwa hajafikisha miaka miwili, mwenye mashavu makubwa na tabia ya kupanda juu ya sanduku langu la nguo akakaa hapo kama chifu.

Labo yenyewe ilikuwa chumba chenye dirisha moja na meza moja. Mikroskopi yetu haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo cha kujitazama, kidogo, chini yake, na kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kukigeuza kioo hicho hadi kikamate jua na kulitupa juu machoni mwangu. Siku ya mawingu nilikuwa kipofu. Nilimwambia hivyo Docta Anselme juma la kwanza, akacheka. Alikuwa bado kijana siku hizo, mrefu, mwenye sauti kubwa ya watu wa Kisangani, akivaa viatu vya mvua hata siku za jua. "Basi tutaomba jua kama wakulima banaomba mvua," alisema. Alipenda wadudu wadogo kama watu wengine wanavyopenda mpira. Akiwa na nafasi alikuja kusimama nyuma yangu aniulize nimeona nini, na nikimwambia nimeona malaria alisikitika kidogo, kama mtu aliyetarajia mgeni mwingine.

Katikati ya mwaka huo, vita vilipopanda tena kwenye milima ya Masisi, watu walianza kuteremka kuja kwetu. Walikuja na magodoro kichwani, na kuku ndani ya vikapu, na wengine mikono mitupu. Walijaa kwenye nyumba za watu, kisha kwenye shule, kisha kanisani, wakalala ubavu kwa ubavu juu ya majani makavu, na mvua ikanyesha juu yao kila alasiri. Ukipita kanisani ulisikia kikohozi cha watoto kikitoka ndani kama maji yanayochemka. Docta alipita kati yao akiinamia vifua, na jioni alipokuja kula kwa Mama Kubuya, kwa maana alikula hapo pamoja nami, hakucheka tena sana. "Bantu wengi, pumzi moja," alisema.

Mtoto wa kwanza aliletwa mgongoni mwa dada yake. Shingo ilikuwa imekakamaa, macho yamepinduka, na alilia kwa sauti nyembamba sana ambayo sijawahi kuisahau, sauti isiyofanana na njaa wala maumivu ninayoyajua. Docta, akihofia homa ya uti wa mgongo, alimchoma sindano ya mgongoni, chini, katikati ya mifupa, na maji yaliyotoka hayakuwa maangavu kama yanavyotakiwa. Yalikuwa kama maji ya kuoshea mchele. Aliniletea kichupa yeye mwenyewe akikimbia na viatu vyake vya mvua. Jua lilikuwepo. Nilipaka tone kwenye kioo, nikaweka rangi, nikatazama. Wadudu walikuwa wawili wawili, wa zambarau, wamechongoka kidogo nje kama mbegu, na kila jozi ilikaa ndani ya nafasi tupu ambayo rangi haikuthubutu kuingia. Docta akaniambia nichukue tone jingine, nilichanganye na wino mweusi wa kuchorea tuliokuwa nao kwa kazi nyingine, nitazame tena. Nikafanya hivyo, na usiku ukaingia ndani ya mikroskopi, weusi kila mahali, na ndani ya weusi huo duara nyeupe ziking'aa, kila moja ikiwa na wale wawili katikati. Sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile katika kazi yangu. Ninalisema hilo kwa sababu ni kweli. Docta aliinama akatazama muda mrefu, nikamsikia akinong'ona, "Angalia hilo koti. Angalia namna limenenepa." Kisha akainuka, na uso wake ulikuwa umebadilika, na akaenda kuhesabu chupa za dawa katika kabati.

Mtoto yule alikufa kabla ya jioni.

Siku hiyo Mama Kubuya alipika ndizi na lengalenga, mchicha wa kwao, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kula. Yeye ndiye aliyeuliza. Alikuwa na Riziki mapajani, akimlisha kwa vidole. "Docta, huyo mududu muliona, anatoka wapi? Ni bakimbizi njo balimuleta?" Docta alitikisa kichwa. Alisema, "Hapana, Mama. Mududu huyo anakaa ndani ya pua. Ya Aline, ya kwangu, ya batoto wote hapa. Siku nyingi anakaa tu, hafanye kitu. Lakini watu wakibanana, na baridi, na njaa, na moshi, anapita toka pua moja kwenda ingine, na siku moja anapata mulango wa kuingia mu damu." Papa Kubuya akauliza, "Na mwili unamuacha? Si mulisema mwili iko na baaskari wake?" Docta akaweka sahani chini. Aliwaeleza kwa Kiswahili chao, polepole, na mimi nilikuwa nikijifunza kama wao, maana shuleni nilikariri tu neno kapsuli kwa ajili ya mtihani. Alisema mdudu huyo anajishonea koti, na koti lenyewe ni la sukari, minyororo ya sukari iliyosukwa ikawa kama ute. Askari wa mwili wanapotaka kumshika ili wammeze, anawaponyoka mikononi kama samaki kambale. Anapokaa puani huvaa koti jepesi, kwa sababu koti zito linamzuia kujishikiza kwenye nyama. Akiingia kwenye damu, wanaobaki hai ni wale wenye koti zito. Ukimnyang'anya koti hilo, alisema, hana nguvu tena, mtoto mchanga anaweza kummaliza.

"Basi mumunyang'anye," alisema Mama Kubuya.

"Hivyo njo chanjo inafanya, Mama. Inafundisha mwili kulijua lile koti. Mwili ukilijua, unatengeneza ndoano za kulishika. Lakini makoti ni mengi. Karibu mia. Chanjo inafundisha machache tu, yale yalionekana sana huko walikoitengeneza na mahali pengi. Mwili unaojua koti moja, mududu akija na lingine, haumujue."

"Na anapata wapi lingine?" aliuliza tena Mama Kubuya.

Docta aligusa pua yake. "Wakifa wenzake pale pale mu pua, wanapasuka, na vile vya ndani yao vinabaki vinaelea. Yeye anaokota. Akiokota kipande chenye ufundi wa koti lingine, anaanza kushona hilo. Hakuna mutu anamutuma. Wengi wanaokota na wanakufa. Mumoja anaokota linalomufaa siku hiyo, na watoto wake wanajaa." Papa Kubuya alitazama mlangoni, upande wa kanisa, ambako wakimbizi walikuwa wakiwasha moto wao wa jioni. Wengi wao walikuwa wamevaa nguo za watu waliokufa njiani. Sote tulijua, walitueleza wenyewe. 

Leo, nikifundisha habari hii, wanafunzi huipenda. Hupenda kusikia kwamba koti hilo halikuanza kwa ajili ya kutuua, kwamba kazi yake ya kwanza ni kumsaidia mdudu asikaukie hewani, asinaswe na makamasi, apite salama kati ya pua mbili, na kwamba kifo chetu kwake ni hasara, kwa sababu aliyeko kwenye uti wa mgongo wa maiti hana pa kwenda tena. Huandika haraka. Mimi huwatazama wakiandika, na nafikiria jinsi nilivyoyapata maneno hayo, bure, kwenye kigoda, mbele ya sahani ya ndizi zilizopoa, na jinsi ambavyo kuyajua hakukutusaidia hata siku moja katika zile zilizofuata.

Walifuata watoto wengine. Baadhi walipona kwa dawa ya sindano, ile kali inayoitwa seftriaxoni, na baadhi walikufa wakiwa na sindano mkononi. Neno lililotukata maini zaidi ni kwamba wengi wao walikuwa wamechanjwa. Timu ya chanjo ya nimonia na uti wa mgongo ilikuwa imepita mwanzoni mwa mwaka, mimi mwenyewe nilishika vichwa vya watoto wakilia, na nilisikia muuguzi akiwaambia mama zao kwamba sasa mapafu ya watoto yamekingwa, na kichwa kimekingwa. Sasa mama hao walikuja wakasimama mbele ya kituo. Hawakupiga kelele. Mmoja alisema, "Tulibaleta hapa, na miguu yetu. Mulituambia itabakinga." Docta alianza kueleza habari za makoti, akaacha katikati. Tulikuwa tumefikiri kwamba huenda huyu ana koti lisilomo kwenye chanjo, lakini hatukuwa na namna ya kulijua. Kulipima koti kunahitaji dawa maalumu zilizokuwa mji mkuu. Tulituma vichupa kwa mtu aliyekuwa anakwenda Masisi, tukaomba vipelekwe Goma, na kutoka Goma Kinshasa, tukabaki tukingoja.

Kisha nilisikia, kupitia ukuta wangu mfupi, jambo jingine. Wanawake wawili walikuja kuomba moto kwa Mama Kubuya, na mmoja akasema wazi, "Ile sindano ya mugongo njo inabamaliza. Kila mutoto wanachoma, anakufa." Mama Kubuya akajibu kwamba mgeni wake ni mtu wa labo, na kwamba hao ni watu wazuri. "Wazuri, ndiyo," alisema yule mwanamke. "Lakini batoto banakufa." Nilikuwa nimekaa kitandani na kiatu kimoja mkononi. Alichosema kilikuwa kweli kwa macho. Tuliwachoma waliokuwa wagonjwa sana, na waliokuwa wagonjwa sana walikufa. Kuanzia hapo watu walianza kuficha watoto. Mama Tumaini, mwanamke mwembamba aliyeteremka kutoka milimani na mtoto wake mmoja, Tumaini, alikaa naye kanisani mtoto akiwa na homa, akampeleka kwanza kwa mzee anayekata kilimi, kile kinyama cha nyuma ya koo, kwa maana kwao shingo ikikakamaa husemwa kwamba kilimi kimevimba. Alipomleta kwetu, mtoto alikuwa hajui tena titi. Alimlaza juu ya meza mwenyewe, akamshika mikono, akamwambia Docta, "Choma. Sina tena pa kwenda." Sijawahi kumlaumu. Mwaka mzima nilijaribu kufikiri mimi ningefanya nini katika kanisa lile, na sikupata jibu bora kuliko lake.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikasikia sauti ile nyembamba ikitoka jikoni. Niliijua kabla sijavaa. Riziki alikuwa mikononi mwa baba yake, kichwa kimevutwa nyuma, na Mama Kubuya alikuwa akimmwagia maji kidogo kidogo usoni na kusema jina lake. Hakuna aliyebishana habari ya sindano. Papa Kubuya alimbeba mbio, sisi tukimfuata, na Docta alipomwona alifumba macho kidogo, kisha akanawa mikono. Nilimshika Riziki mimi. Nilimkunja kama wanavyofundisha, magoti kwenye kifua, na nilihisi joto lake kupitia nguo yangu. Maji yalitoka kama ya wale wengine. Nikakimbia na kichupa kwenda labo, nikapaka, nikaweka rangi, nikakigeuza kioo cha chini kutafuta jua, na jua halikuwepo. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya Ntoto kama mfuniko wa chungu. Niligeuza kioo huku na huku. Nilibeba mikroskopi nikaiweka nje juu ya kigoda, katikati ya uwanja, watu wakinitazama, nikapiga magoti kwenye matope mbele yake. Niliona weupe mchafu tu. Ndani ya weupe ule alikuwemo mdudu, nilijua hilo, pengine kwa maelfu, amevaa koti lake, na mimi niliyesomea kumwona sikuweza kumwona. Docta alitoka mlangoni akaniita. "Acha, Aline. Nimeanza dawa. Tunamujua." Lakini niliendelea kugeuza kile kioo. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono yangu.

Sasa tulikuwa na watoto wawili katika chumba kimoja, Riziki na Tumaini, na dawa ilikuwa inaisha. Docta alituita sote, Papa na Mama Kubuya na Mama Tumaini, akatuonyesha kabati wazi. Alisema, "Hizi zinatosha mutoto mumoja mpaka mwisho. Nikipatia kila mutu nusu kipimo, ninaweza poteza wote wawili. Nitabapatia wote kipimo kizima, mpaka ziishe. Zikiisha, iko penisilini kidogo. Haina nguvu sawa." Mama Tumaini na Mama Kubuya walikuwa wamekaa benchi moja. Nilingoja mmoja wao aseme kitu, na ninakumbuka nilikuwa naogopa zaidi kama atakayesema ni mwenyeji wangu, ambaye kila mtu kijijini angemwunga mkono. Mama Kubuya alisema, "Batoto ni batoto. Fanya vile." Papa Kubuya akasimama, akasema atakwenda Masisi kutafuta dawa. Docta alimpa karatasi yenye muhuri wa kituo. Mkewe alimfungia mihogo ya kuchemsha kwenye majani, naye akaondoka na panga lake na mfuko mmoja.

Siku za kumngoja zilikuwa na mwendo wa ajabu. Mama wale wawili walipika pamoja nyuma ya kituo, chungu kimoja, maharagwe aliyokuja nayo Mama Tumaini na mawese ya Mama Kubuya, wakaoga kwa zamu, wakalala kwa zamu. Nilisikia wakizungumza juu ya mbegu, juu ya udongo wa milimani na udongo wa msituni, kama majirani wanaokutana sokoni. Jua lilirudi. Nilitazama vioo vyote viwili, na nikaona jozi zilezile katika duara zilezile, kwa Riziki na kwa Tumaini, hazina tofauti. Docta alikuja kusimama nyuma yangu, lakini hakuuliza nimeona nini. Chupa za mwisho ziliisha. Tumaini alikuwa amechelewa kuletwa. Alikufa asubuhi moja mama yake akiwa ameenda kuchota maji, na mimi ndiye niliyekuwa chumbani. Aliporudi na ndoo kichwani alinitazama tu usoni. Aliishusha ndoo taratibu, bila kumwaga, akaingia. Mama Kubuya alitoka kitandani pa Riziki akakaa naye chini, na hakurudi kwa mwanawe mpaka yule mwenzake alipomaliza kulia.

Papa Kubuya alirudi siku ya maziko. Miguu yake ilikuwa imevimba na shati lake limechanika begani. Alikuwa amefika Masisi, akapewa dawa, chupa za kutosha, akazifunga ndani ya nguo. Wakati wa kurudi watu wenye bunduki walimsimamisha msituni, wakambebesha mizigo yao kutwa nzima, kisha wakafungua mfuko. Aliwaonyesha karatasi yenye muhuri. Aliwaambia ni za mtoto. "Mumoja akaniambia, sisi pia tuko na bagonjwa," alitueleza, amesimama, hataki kukaa. "Alikuwa kijana mudogo. Alisema vizuri tu, hakunitukana. Akachukua." Kisha akauliza mwanawe yuko hai au vipi, akaambiwa yuko hai, na hapo ndipo alipokaa chini, pale pale mlangoni, akaweka uso ndani ya shati lake.

Riziki aliishi. Ile penisilini ilimshikilia, au mwili wake, au vyote viwili. Docta hakutaka kusema. Homa ilishuka, shingo ikalegea, akaomba kula kwa kunyoosha mkono kwenye sahani ya mama yake, na nyumba nzima ikacheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Majirani walileta kuku. Papa Kubuya alikwenda nyuma kwenye kibanda cha wazee, kisha kanisani. Ilichukua muda kabla ya mmoja wetu kuthubutu kuona. Mama Kubuya alikuwa akitwanga sombe, Riziki akicheza kwenye majani ya ndizi, amempa mgongo. Mchi ulimponyoka ukaanguka juu ya sufuria, kwa kishindo kilichonitoa chumbani mwangu. Kuku walitawanyika. Riziki aliendelea kuchana majani yake. Mama Kubuya aliutazama mgongo ule mdogo. Akauokota mchi, akaupiga kwenye sufuria tena, kwa makusudi, kwa nguvu. Akapiga tena. Nilimfikia nikamshika mkono, na tulisimama hivyo, sote wawili tukiwa tumekwisha jua.

Docta Anselme alijua pia. Alisema ugonjwa ule ukiondoka huacha mara nyingi njia ya masikio imekufa, na hakuna dawa, si Ntoto, si Goma. Tangu hapo alikuja kula kwa Mama Kubuya akiwa ameinamisha kichwa, ingawa mama mwenyewe alimpokea kama siku zote na kumpakulia kwanza. Mvua zilipita. Ugonjwa ulipungua wenyewe, wakimbizi wengi walipoondoka kanisani kwenda kutafuta mashamba, naye Mama Tumaini akaondoka na kundi moja lililorudi juu bila kutuaga. Mimi niliitwa kwenye kazi nyingine, na nilikuwa nikipanga nguo zangu kwenye sanduku alasiri ile Docta alipoteremka kutoka kwenye kilima ambako simu hukamata mtandao. Alikuwa amepigiwa kutoka mji mkuu. Vichupa vyetu vilifika hatimaye, mdudu alipimwa, na koti lake lilijulikana. Alikuwa na namba yake. Na namba hiyo haikuwamo kwenye chanjo.

Alifurahi, na sina neno jingine la kusema. Ilikuwa furaha chungu ya mtu aliyeshutumiwa kwa miezi na sasa amepata shahidi. Alimweleza Mama Kubuya yote, amesimama kwenye mlango wa jiko, kwamba chanjo haikuharibika, kwamba hakuna aliyekosea, kwamba sasa namba hiyo itaandikwa huko, na huenda siku moja watakaotengeneza chanjo nyingine wataiongeza. Mama Kubuya alimsikiliza mpaka mwisho, akikoroga chungu. "Basi mumejua jina lake," alisema.

"Ndiyo, Mama. Tumejua."

"Na mutoto atasikia?"

Docta aligeuka, akamtazama Riziki uani.  "Hapana, Mama," alisema.

"Aksanti kwa kusema," Mama Kubuya alijibu. Alimvutia kigoda, akampakulia bugali na sombe, akaniita na mimi nije kula kabla ya safari. Kisha alitoka uani kumchukua Riziki, ambaye alikuwa amechuchumaa akitazama kuku. Hakumwita. Alizunguka mpaka akawa mbele yake, ili mtoto amwone kwanza na asishtuke, halafu ndipo akanyoosha mikono.